Mguu ni Kiatu Kirefu

Shemeji yangu amesema mambo mengi ya kijinga maishani mwake, kama sisi sote, lakini moja alilichukua akalifanyia kazi kwa miaka inayokaribia ishirini. Alisema mguu ni kiatu kirefu tu. Alilisema hospitalini, amesimama upande wa miguuni wa kitanda cha dada yangu, na blanketi limelala bapa upande wa kushoto kuanzia chini ya goti. Mimi nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alikuwa analitazama lile bapa kama anavyotazama kiatu kilicholetwa kimefumuka, anafikiria aanzie wapi.

Yeye ni fundi viatu, na kwa viatu hakuna wa kumfundisha kitu. Ukimletea raba iliyoachama mdomo, anakurudishia imefunga mdomo kuliko wewe mwenyewe. Kibanda chake kipo kwenye kona ya mtaa wa maduka, mabati pande tatu na pazia mbele, na chumba wanachoishi na dada kipo nyuma yake, hatua chache tu. Mimi nakaa chumba cha pili, nafua na kupiga pasi nguo za watu. Nilihamia mwaka ule wa ajali nimsaidie dada, nikidhani nitakaa miezi michache. Shemeji ananiita Pilipili. Mimi namwita Fundi, na nikikasirika namwita Fundi Mguu, ambalo ndilo jina alilopewa na mtaa.

Ajali yenyewe ni fupi kusimulia. Gundi ilimwishia akiwa na kiatu cha mteja mkononi, akamwomba dada avuke barabara akamnunulie kopo. Dada akavuka, akanunua, na wakati wa kurudi lori lililokuwa linarudi nyuma likambana na ukuta. Shemeji aliona kila kitu kutoka kwenye stuli yake. Madaktari walihangaika na mguu ule, wakashindwa, wakakata. Tangu siku hiyo sijawahi kumsikia shemeji akitamka neno gundi. Akiihitaji anasema "ile dawa", na wenye duka wamezoea.

Kidonda kilipopona dada alipewa mguu wa bandia wa hospitali. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mgumu, na ulimchubua siku ya kwanza tu. Hospitalini walisema ndivyo inavyokuwa, arudi warekebishe, kisha arudi tena, maana mguu haukai sawa kwa safari moja. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na kumpandisha mtu mwenye magongo kwenye basi kisha kumshusha ni kazi ya watu wawili wenye subira. Sisi tulikuwa wawili, ila subira hatukuwa nayo. Safari ya pili tuliambiwa mtaalamu hayupo. Tuliporudi, shemeji aliuchukua ule mguu akaumulika ndani kwa tochi, akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu ajali. Akaniita nichungulie. Chini kabisa, pale kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, kinapoishia, palikuwa patupu, hakuna hata kitambaa.

"Pilipili, hebu ona," akasema. "Wasomi wote wale, wamesahau soli ya ndani."

Akakata sponji, akaifunika kwa ngozi laini, akaishindilia pale chini. Dada akavaa, akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akasema afadhali. Na kweli kwa siku mbili tatu ilikuwa afadhali. Hapo shemeji akajiona ameshika njia, na hospitali hatukurudi tena.

Watu wanaosikia habari hii wanadhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Hakuwa hivyo. Alikuwa na utaratibu ambao ungekuchosha kuutazama tu. Mchana ni viatu vya watu, jioni ni mguu. Akishafunga pazia la kibanda ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anaingia chumbani, anapiga magoti mbele ya dada, utepe wa kupimia uko shingoni. Anapima kigutu kikiwa ndani ya soksi nene ambayo dada haivui mbele ya mtu, juu, katikati na chini, kwa sababu kigutu kinanenepa na kukonda. Kisha anarudi kibandani kuchonga. Alianza na mbao, akaenda kwenye bomba la plastiki alilolilainisha kwa moto, akaenda kwenye bati, akaenda kwenye ngozi tupu iliyoshonwa tabaka kwa tabaka. Kila mguu ulikuwa mzuri kuutazama. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa, na kwenye kifundo aliweka mpira wa tairi ili unyayo uchezecheze. Ule ulioshindikana aliutundika ukutani kibandani, na mteja mgeni akiingia alikuwa anashtuka kidogo kabla ya kusema shida yake.

Mguu mpya ukiisha, dada anauvaa, shemeji anasimama mlangoni, dada anatoka kitandani anamfuata. Akifika anamshika mabega.

"Vipi?" shemeji anauliza.

"Bado kidogo," dada anajibu.

Basi. Shemeji anaitikia kwa kichwa, anamvua ule mguu taratibu, anatazama chini pale kwenye sponji, na kesho yake anaanza upya. Kwetu sisi maneno hayo ni matamu. Ukimuuliza mpishi akakujibu bado kidogo, unanawa mikono. Ukimuuliza dereva akakujibu bado kidogo, unaanza kukusanya mizigo yako. Nani atasikia bado kidogo aondoke? Nilikuwa namtania dada kwamba maharage ya bado kidogo ya namna hiyo mimi ningeshayamwaga pamoja na sufuria yake. Dada alikuwa anacheka, shemeji naye anacheka, na kesho anawasha moto wa kulainishia bomba.

Kuna mguu mmoja uliokaribia kufaa. Ulikuwa wa ngozi, mwepesi, na dada aliuvaa asubuhi ya siku ya mapumziko akasema leo twende mpaka mwisho wa mtaa. Wakaenda. Shemeji alivaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, akatembea kando yake bila kumshika, mikono nyuma, anajitahidi kutazama mbele kama watu wengine. Watu walitoka madukani. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu. Dada alitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, anasalimia kulia na kushoto, anacheka na kila mtu, na mimi niliyekuwa nyuma yao nilijisikia mjinga kwa yote niliyokuwa nimeyasema. Walipofika nyumbani shemeji aliuliza vipi. Dada akasema bado kidogo. Siku mbili zilizofuata alilala, akasema ana mafua. Shemeji alimchemshia maji huku anaimba. Sijamsikia akiimba tena baada ya hapo.

Miaka ikaenda. Mwaka mmoja alikuja msimamizi wa kiwanda cha viatu, kisigino kimemng'oka barabarani. Alipoiona mishono ya ile miguu ukutani alisahau kisigino. Akamwambia shemeji aje kiwandani awe mkuu wa washonaji, apate mshahara wa kila mwezi na nyumba ya wafanyakazi yenye bomba ndani. Shemeji akauliza kazi inaisha saa ngapi. Akaambiwa. Akashukuru sana, akasema jioni ana shughuli. Siku ile nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuamua. Nyumba yenye bomba ndani, na mimi ndiye ninayebeba ndoo. Nilimwambia mguu hautapatikana, ungekuwa wa kupatikana ungeshapatikana, na kwamba anajitesa na sisi anatutesa. Hakunikasirikia. Hajawahi kunikasirikia, na hilo lilikuwa linanikera kuliko yote. Alinijibu huku anapiga msasa:

"Pilipili, nikiacha leo, ile yote iliyo ukutani ni kuni. Nikipata kesho, yote ilikuwa shule. Sasa wewe unataka nichague kuni?"

Nilienda kulala na hasira. Nilikuja kuona ubaya wa hesabu hiyo baadaye. Kila mguu ulioshindikana ulikuwa unamfunga zaidi, maana kuni zilikuwa zinaongezeka, na mwenye kuni nyingi ndiye anayeogopa zaidi kuziita kuni. Mtaa nao uligawanyika. Wapo waliosema mume ndiye yule, na wanawake wengine waliwatolea waume zao mfano wake mpaka wale waume wakapeleka viatu kwa fundi mwingine. Wapo waliosema kachanganyikiwa siku nyingi. Watoto hawakupata, na hilo nalo watu walilisema wanavyojua wao. Mimi nasema mguu ule ndio uliokuwa mtoto wao: jioni zote zilikuwa zake, chakula hakiliwi bila mguu kutajwa, na haukukua.

Habari ya dada watu hawakuiuliza sana. Dada alikuwepo tu, anatembea na magongo yake, anapika, ananisaidia kunyoosha kola za mashati akiwa ameketi. Ana uso wa kupokea wageni. Mguu aliuvaa jioni, na siku za mapumziko aliuvaa kutwa nzima ili shemeji auone unavyofanya kazi. Akifika anapokwenda alikuwa anakaa chini haraka. Ukimuuliza anasema amechoka, na nani hachoki.

Mwaka huu, wakati wa joto kali, alishikwa na homa. Alisema itapita. Haikupita, na asubuhi moja alishindwa kusimama akaniomba nimwogeshe. Miaka yote alikuwa anaoga peke yake, amefunga mlango, na sisi tulichukulia kwamba ni haya zake. Nilipofungua kitambaa cha kigutu nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Mwisho wa kigutu palikuwa na shimo jeusi, na kulizunguka shimo palikuwa na makovu juu ya makovu, mengine ya zamani yameshakuwa meupe, mengine mekundu. Chini ya godoro, upande wa ukutani, alikuwa na mfuko wa vitambaa vyenye damu iliyokauka. Alikuwa anavichoma jikoni mwenyewe, mimi nikiwa naanika nguo na shemeji akiwa kibandani.

Nilikasirika. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mguu wa pili au wa tatu, hakumbuki vizuri. Kila mguu ulimkata palepale, chini, juu ya ile sponji, na hata siku ile ya kutembea mtaani alirudi damu imejaa soksi.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini, mdogo wangu? Akiniona nimeshika magongo anaona lori. Akiwa na kazi mkononi anaona kazi."

"Na wewe je? Wewe ulikuwa unaona nini?"

"Akipiga magoti kunipima namwona utosi," akasema. "Umeanza kuwa mweupe. Nilikuwa naipenda sana saa hiyo."

Akanibembeleza nisubiri. Alisema kuna mguu mmoja umebakiza kushonwa tu, shemeji ameuhangaikia tangu mvua za mwanzo, aujaribu huo kwanza ndipo aende hospitali. Sikusubiri hata dakika. Nilitoka na sabuni mikononi nikatafuta gari, nikapita kibandani nikamwambia shemeji dada anapelekwa hospitali na hali si nzuri. Hakuuliza kitu. Aliuweka ule mguu mpya kwapani akapanda gari nao.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikitazama kigutu kwa muda mrefu, kisha akaagiza aitwe mtaalamu wa miguu ya bandia. Akaja mtu mnene, mchangamfu, plasta imemkaukia kwenye vidole. Aliuona mguu kwapani mwa shemeji akauomba, akaugeuzageuza, akasifu mishono, na alisifu kwa moyo. Shemeji alisimama wima. Miaka yote ile hakuwahi kumwonyesha kazi yake mtu wa kazi hiyo, na niliona wazi kwamba anatamani aulizwe. Yule mtaalamu akaingiza mkono ndani mpaka chini, akabonyeza.

"Anakanyagia hapa?"

"Ndiyo," shemeji akasema. "Nimeweka tabaka nne, na juu ngozi laini."

"Mzee, mguu uliokatwa haukanyagi. Ukiukanyagia, mfupa unakula nyama kutoka ndani. Uzito unabebwa hapa." Akagusa chini kidogo ya goti lake mwenyewe, kisha akagusa pembeni. "Kule chini panatakiwa pawe patupu, pasibebe kitu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomwelekeza mwenzake kazini, akaendelea kueleza jinsi wanavyochukua umbo la kigutu kwa plasta, wapi wanabana na wapi wanaachia. Shemeji hakuwa anasikia tena. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo, na nilijua anataja nini. Alikuwa anataja ule mguu wa kwanza, wa hospitali, wenye chini patupu.

Nimelifikiria sana jambo hili na bado linanitia uchungu. Angekuwa seremala, au muuza mkaa, angekubali safari ya tatu ya basi na dada leo angekuwa anatembea. Lakini alikuwa fundi viatu, tena mzuri, na kiatu kinabeba chini. Ukimlalamikia fundi kwamba kiatu kinakuuma, anaangalia soli. Basi yeye aliangalia soli. Aliweka sponji, akaweka pamba, akaweka sufi, akaweka mpira, akaongeza, akapunguza, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza kama pale panahitaji kitu. Hakuna alichokosea baada ya siku ya kwanza. Alifanya kwa usahihi kabisa, miaka na miaka, kitu ambacho hakikutakiwa kufanywa.

Daktari akatuambia mfupa umeoza mwishoni na sumu inapanda, kwa hiyo watakata juu ya goti, na watakata leo. Kisha, kwa kutojua tu, akamuuliza dada amevumilia hivi tangu lini, maana makovu mengine ni ya miaka mingi. Dada akafunika kigutu. Shemeji akamgeukia.

"Ulikuwa unasema bado kidogo," akamwambia.

Dada alimtazama. Homa ilikuwa kali, na nadhani bila homa asingesema.

"Nilikuwa nasema bado," akajibu. "Kidogo nilikuwa nakuongezea wewe."

Yule mtaalamu aliuegemeza mguu ukutani akatoka nje. Shemeji aliitikia kwa kichwa, vilevile kama alivyozoea kuitikia jioni, kwa sababu shingo yake ilikuwa haijui kufanya kitu kingine ikisikia maneno hayo. Aliendelea kuitikia mpaka wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu wakamwomba asogee.

Dada alirudi nyumbani bila goti. Kuhusu mguu mwingine, hospitalini walisema wa juu ya goti ni mgumu zaidi kuuzoea, na kwa umri wake na nguvu zilizobaki ni bora asiahidiwe kitu.

Shemeji aliiteremsha miguu yote ukutani. Nilidhani ataichoma, na mimi nilikuwa tayari kumpa kiberiti. Hakuichoma. Aliifumua mmoja baada ya mwingine, ngozi iliyo nzima akaitia viraka kwenye viatu vya wateja, mipira ya vifundo akaikata visigino. Hakumwambia mtu. Watu wa mtaa huu wanatembea na miguu ya dada yangu na hawajui. Nilipogundua nilicheka, kisha nikakaa chini kando ya beseni la nguo nikalia.

Baada ya hapo shemeji alibadilika. Jioni hafungi tena pazia. Anakaa kibandani mpaka dada asinzie, anaingia, analala pembeni kabisa mwa kitanda, na anatoka kabla ya jua. Chakula nampelekea mimi. Akizungumza na dada anamuuliza umelalaje, umekula, dawa umemeza, maneno ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa wa jirani. Hajamgusa tangu hospitalini. Dada alinyamazia kidonda miaka yote ile asije akaikosa jioni yake, na sasa hana jioni wala goti. Nimewakasirikia wote wawili kwa zamu mpaka nimechoka.

Juzi alasiri dada aliniita. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameoga, amejipaka mafuta, amechana nywele. Alikuwa amekunja gauni hadi pajani na kigutu kipya kiko wazi.

"Nenda kamwambie aje anipime," akasema.

Nilimuuliza akili ameiacha wapi. Nilimwambia mtu aliyeshindwa mguu wenye goti hawezi kuutengeneza usio na goti, na kwamba kama anataka kufa aseme, nimwite mtu wa kumpima vingine. Nilisema mengi, na mengine sitayarudia hapa. Dada aliningoja nimalize.

"Mguu siutaki," akasema. "Nimesema aje anipime."

Nikaenda. Shemeji alikuwa kwenye stuli yake, mikono imelala mapajani, hakuna kiatu mbele yake wala nyuma yake. Wateja wamemkimbia, maana anachelewesha, na ukiongea naye anakutazama mdomo kama unaongea kwa mbali. Nilimfikishia maneno ya dada kama yalivyo. Akaniuliza, na hakuniita Pilipili.

"Shemeji, ilikuwa bure?"

Jibu la swali hilo nimekaa nalo miaka yote. Nilishalitoa kwa kelele, kwa utani na kwa machozi, na hakuwahi kuniomba. Sasa ameniomba, nikampa.

"Ilikuwa bure," nikasema. "Ungekaa naye tu. Jioni ungefunga pazia ukaenda ukakaa na mkeo. Hakutaka kingine."

"Si ndivyo nilivyokuwa nakaa naye?" akasema. "Mimi sijui kukaa na mtu mikono mitupu. Nilikuwa nikae nimtazame tu, na mimi ndiye niliyemtuma avuke barabara?"

Nikamwambia basi njoo hivyohivyo, njoo na utepe, upime na usichonge kitu, na kesho upime tena. Nilimsihi, na sijawahi kumsihi tangu amwoe dada yangu. Alinisikiliza vizuri. Kisha akavitazama viganja vyake, vilivyojaa alama za sindano.

"Nimemkata mguu mara mbili, shemeji," akasema. "Ya tatu siwezi."

Nikarudi. Dada alikuwa vilevile kama nilivyomwacha, mgongo umenyooka, anatazama mlangoni. Akauliza kama anakuja. Nikamwambia ana viatu vingi vya watu.

"Sawa," dada akasema. "Avimalize kwanza."

Nikawasha jiko, nikapika, nikapakua sahani mbili, nikakaa naye. Alikula chakula chote. Gauni hakulishusha.